NILITAFUTA TABO, NIKAPATA TABU

Hebu nikuulize wewe msomaji uliyebanwa siti ya nyuma ya Hiace, magoti yako kidevuni na kuku wa jirani anakudonoa kisigino. Gari ulilopanda likipitwa na lenzake, moyo hauumi? Nauli ni ileile, na kufika utafika tu, lakini kuna kitu kinachoma. Unamtazama dereva kwa jicho la pembeni kama vile amekutukania mama.

Sasa jiulize, huyo dereva anajisikiaje?

Mimi nilikuwa ndiye dereva. Tena si dereva wa kuajiriwa, nilikuwa na nusu ya gari. Mwaka 2016 mimi na dada yangu tulichanga tukanunua Hiace kuukuu, ile ya umbo ambalo Toyota walianza kulitoa mwaka 1989. Nusu ya dada ilitoka kwenye dagaa: miaka minne ya kuamka saa tisa usiku kwenda Mwaloni Kirumba kugombea mzigo. Nusu yangu ilitoka kwenye udeiwaka, kuendesha magari ya watu siku ambazo madereva wenyewe wana dharura au pombe za jana hazijawatoka.

Kijiwe chetu kilikuwa Buzuruga. Njia yetu Buzuruga mpaka Magu, zaidi ya kilomita 50 kwenye barabara kuu ya Musoma. Unatoka Buzuruga, unapita Igoma, Kisesa, Nyanguge, halafu Magu. Lami nzuri, abiria wapo, na ushindani usiombe.

Gari letu lilikuwa na injini ya 2L. Kwa wasioijua, hiyo ni dizeli ya cc 2,446, injini isiyo na makuu. Haina tabo, haina kompyuta, inanguruma kama mashine ya kusaga na inaweza kutembea mpaka mwenyewe ukachoka. Tatizo moja tu: ilikuwa inakwenda polepole. Tukipakia watu wamejaa, na juu kuna magunia, kila kilima kilikuwa mtihani wa taifa. Namba mbili, gari linalia, na nyuma yangu msururu wa wenzangu wanapiga honi.

Abiria wa Buzuruga wanayajua magari kuliko mafundi. Anakuja mtu na begi lake, anatazama magari mawili yaliyopanga foleni, anamwambia konda wangu, "Hilo konokono? Acha nisubiri linalofuata." Konda wangu akawa anakuja dirishani kuninong'oneza, "Suka, tunaaibika." Jina la Konokono likaganda. Mpaka wapiga debe wakawa wanaita, "Magu, Magu, Konokono huyo, kesho asubuhi umefika!"

Basi bwana, nikaamua.

FUNDI WA SIKU MBILI

Nilimpata fundi mmoja kijana, mchangamfu, maneno yake matamu kama juisi ya muwa. Akafungua boneti, akasikiliza injini, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Broo, hii injini imelala. Niachie siku mbili. Ukiirudisha barabarani, trafiki watakuwa wanakujua kwa jina."

Kazi yenyewe ilikuwa ya hatua mbili. Ya kwanza, kwenye pampu ya dizeli kuna skrubu inayopima mafuta mengi kiasi gani yaingie ukikanyaga moto. Kiwandani huwa wanaipima, kisha wanaifunga isiguswe ovyo. Yeye akaigusa. Ya pili, alikuwa na tabo iliyotolewa kwenye gari lililopinduka. Tabo ni kile kifeni kinachozungushwa na moshi unaotoka, nacho kikizunguka kinasukuma hewa ya ziada kwenda kwenye silinda. Akakata, akachomelea, akavuta kipaipu cha oili kwenda na kingine cha kurudi kwenye sampo. Siku mbili kweli, hakunidanganya.

Pesa nilitoa wapi? Hapo ndipo penye aibu. Nilitoa kwenye ile akiba tuliyoiweka kwa ajili ya matairi na breki.

Dada alipita gereji siku ya pili, ndoo ya dagaa kichwani. Akatazama zile cheche za kuchomelea, akauliza, "Mdogo wangu, gari si linatembea? Unalitafutia nini?"

Nikamjibu, "Dada, wewe jua dagaa, mimi nijue gari."

Maneno hayo nilikuja kuyameza baadaye, tena bila maji.

SIKU ZA RAHA

Sitaki nikudanganye, msomaji. Zile siku za kwanza zilikuwa tamu.

Ukikanyaga, kwanza unasikia filimbi, fiiii, kama mtu anapuliza chupa. Halafu mgongo unaingia kwenye siti. Gari lililokuwa linapanda kilima kwa namba mbili likawa linapanda kwa namba tatu na kelele za ushindi. Siku ya kwanza tu niliwapita watano kati ya Igoma na Kisesa. Nyuma yangu wingu la moshi mweusi, na konda ametoa nusu ya mwili mlangoni anawapungia mkono kama mheshimiwa.

Badala ya kwenda Magu na kurudi mara tatu kwa siku, tukawa tunakwenda mara nne. Hesabu ikapanda. Jina la Konokono likafa, tukaitwa Filimbi. Abiria wale wale waliokuwa wanatukimbia wakawa wanauliza, "Filimbi iko wapi?" Nilianza kuvaa miwani ya jua hata jioni. Siku hizo hata ukinisalimia nilikuwa naitikia kwa nyusi.

Siku ya tisa, tumepita Nyanguge, gari limejaa, mshale uko 110. Mbele mtoto wa miaka kama kumi anavusha ng'ombe. Niliwaona mapema tu. Nikakanyaga breki.

Breki ikashika kidogo, kisha ikalainika, pedali inazama kama mguu umekanyaga unga. Nikakanyaga tena na tena. Harufu ya kuungua ikajaa ndani. Watu wanapiga kelele, kuku anapiga kelele, mimi sisikii kitu. Gari likasimama. Kati ya bampa na ubavu wa ng'ombe wa mwisho palikuwa na kiganja kimoja. Yule mtoto alikuwa upande wa pili wa huyo ng'ombe, fimbo mkononi, ananitazama tu.

Siti ya mbele alikaa mama wa makamo, amempakata mjukuu. Hakupiga kelele. Alipovuta pumzi akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe una mtoto?"

"Sina, mama."

"Ndiyo maana."

Hakusema neno jingine mpaka Magu. Na mimi, badala ya kupeleka gari gereji jioni ile, unajua nilifanya nini? Nilikwenda kijiweni nikawasimulia washikaji jinsi nilivyomkosa ng'ombe. Tukacheka.

FILIMBI INANYAMAZA

Siku tatu baadaye, saa nane mchana, jua la kupasua mawe, tunatoka Magu tumejaza. Geji ya joto kwenye dashibodi ilikuwa imekufa tangu tulipolinunua gari, nami sikuona haraka ya kuitengeneza. Nikahisi nguvu zinapungua. Nikazidi kukanyaga. Konda akasema, "Suka, kuna harufu." Nikamwambia afunge dirisha.

Ghafla mvuke mweupe ukafumuka mbele kama chungu kimefunuliwa. Ikasikika ko, ko, ko, kisha mlio mmoja mzito, halafu kimya. Injini ilikuwa imenoki katikati ya pori.

Nilirudisha nauli mpaka mfuko ukabaki na shilingi za kubahatisha. Fuso moja ikatuvuta kwa kamba mpaka Buzuruga. Ndugu yangu, kila niliyempita wiki ile alinipita siku ile, na hakuna aliyesahau kupiga honi.

Kesho yake injini ikashushwa. Silinda hedi ilipofunguliwa, gasketi ilikuwa imeungua, na pistoni ya tatu ilikuwa na tundu juu yake la kupitisha kidole. Dada akafika. Akaiokota ile pistoni, akaigeuzageuza, akanitazama kupitia tundu.

"Hii ndiyo dagaa wangu?"

Sikuwa na jibu.

SHULE YA MZEE

Yule fundi wa siku mbili simu yake ikawa haipatikani. Dada ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja fundi, hapohapo Buzuruga, mtu wa makamo mwenye ovaroli iliyokwishasahau rangi yake ya kwanza. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mzee." Akaitikia bila kuinua kichwa. Alikuwa anatazama kichujio changu cha hewa, kile cha tangu tununue gari. Kilikuwa cheusi kama mkeka wa jikoni.

"Ngosha," akasema, "ulikuwa unaikaba injini pua, halafu unaipiga kiboko ikimbie."

Siku ile nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikasikiliza. Naandika hapa aliyonifundisha, pamoja na niliyojisomea baadaye, kwa faida ya yeyote mwenye kigari na kiu ya mbio.

Kwanza ni hewa. Injini ni pampu ya hewa. Dizeli bila hewa haiungui, inageuka moshi mweusi, na huo moshi mweusi ni pesa yako inapaa. Sasa sisi wa Mwanza tuna jambo ambalo wengi hatulifikirii. Ziwa letu lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, pungufu kwa kama asilimia 12 ukilinganisha na ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inapumua inachopewa, kwa hiyo gari lilelile lililokuwa kijana pale Kariakoo, likifika Buzuruga limezeeka kidogo. Ukiongeza mafuta tu kwenye pampu bila kuongeza hewa, unazidisha moshi na joto.

Je, tabo ni kitu kibaya? Hapana. Tabo iligunduliwa na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905. Na kazi yake ya kupambana na hewa nyepesi ilionekana wazi mwaka 1918 kule Marekani. Mhandisi Sanford Moss alipandisha injini ya ndege kwenye mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,300 kwenda juu. Injini iliyokuwa na nguvu za farasi 350 huko chini ilishuka mpaka 230 hivi kule kileleni. Alipoifungia tabo, ikarudi na kupita palepale ilipokuwa, 356. Kwa hiyo yule fundi kijana wazo lake halikuwa la kijinga. Tatizo ni alichokiacha.

Hapo ndipo tunakuja kwenye joto. Nguvu yote inatoka kwenye moto. Katika dizeli unayoichoma, sehemu inayofika kwenye matairi ni ndogo kuliko inayopotea kama joto, kwenye moshi na kwenye maji ya rejeta. Ukiongeza nguvu, umeongeza na joto. Pistoni zetu ni za mchanganyiko wa aluminiamu, na aluminiamu safi inayeyuka kwenye nyuzi 660. Injini iliyopewa mafuta kupita kiasi na kukanyagwa kilima kirefu, moshi wake unaweza kupita hapo. Kinachoiokoa pistoni ni oili na maji yanayoipooza. Mimi rejeta yangu ilikuwa ya zamani, imejaa kutu, na geji imekufa.

Toyota wenyewe walitoa 2L yenye tabo, inaitwa 2L-T, lakini hiyo imepangwa kwa tabo tangu ndani, haikubandikwa tu kwa nje. Tena tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoishikilia ni utando wa oili tu. Oili chafu ni kifo chake. Na gari la tabo likitoka kwenye mbio ndefu halizimwi papo hapo. Unaliacha lingurume dakika moja au mbili tabo ipoe, la sivyo oili iliyobaki ndani inaungua na kuganda kama masizi ya sufuria. Mimi nilikuwa nikifika Magu nazima hapo hapo, nashuka na miwani yangu.

Kuhusu breki, mzee alichukua chaki akaandika kwenye bodi ya gari. Ukitoka spidi 60 kwenda 80, usidhani umeongeza theluthi tu. Kazi ya breki imeongezeka kwa asilimia 78. Ukitoka 80 kwenda 100, inaongezeka tena kwa asilimia 56. Mwendo unajizidisha wenyewe kwa wenyewe, na joto lote hilo linaishia kwenye pedi, shoo na maji ya breki. Maji ya breki yakizeeka yanavuta unyevu, yakipata moto yanachemka, na pedali inazama. Kumbe ule mguu wangu uliokanyaga unga ulikuwa na maelezo. "Anayeongeza nguvu bila kuongeza breki," mzee akasema, "amenunua nusu ya gari." Nilinyamaza. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu.

La mwisho ni kadi. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini. Ukifunga injini nyingine, namba hazifanani tena, na mbele ya trafiki unaweza kuonekana mwizi na mbele ya bima unaweza kuonekana mwongo. Unatakiwa kwenda TRA na karatasi za ununuzi wa ile injini ili kadi ibadilishwe. Kwa sisi wa abiria, wakati ule leseni ya njia ilikuwa ya SUMATRA. Tangu mwaka 2019 kazi hiyo ni ya LATRA. Na usisahau, penye makazi ya watu na kibao, mwisho ni 50, hata kama boneti yako imeficha roketi.

HESABU YA CC

Basi nikamuuliza mzee, nguvu nitapata wapi?

Akacheka. "Kwanza tungekurudishia ile uliyoipoteza." Alimaanisha hivi: kabla ya kuongeza chochote, badilisha kichujio cha hewa na cha dizeli, peleka nozo zikapimwe, rekebisha uwazi wa valvu, angalia taiming ya pampu, pima mgandamizo wa kila silinda. Injini nyingi zinazoitwa dhaifu pale Buzuruga ni wagonjwa tu. Huenda 2L yangu ingepata nafuu nzuri kwa matengenezo ya bei ya tairi moja.

Lakini yangu ilikwishakufa, kwa hiyo tukaja kwenye kubadilisha. Hapo ndipo nilipoona akili ya mzee. 2L ina ndugu zake. 2L yenyewe ina silinda za kipenyo cha milimita 92 na pistoni inatembea milimita 92. Kaka yake 3L ni 96 kwa 96, cc 2,779. Mkubwa wao 5L ni 99.5 kwa 96, cc 2,986. Wote ni ukoo mmoja, hawana tabo, na unapotoa mmoja kumweka mwingine kazi ni ndogo. Huanzi kukata chesisi wala kubuni maunti mpya.

Sasa piga hesabu. Kutoka 2L kwenda 3L unaongeza cc 333, kama asilimia 14. Na hewa ya Mwanza imetunyang'anya kama asilimia 12. Umeona? Ukifunga 3L hapa kwetu, injini yako inavuta hewa karibu sawasawa na 2L iliyoko Dar es Salaam. Umerudisha kile ambacho mwinuko umekula, bila filimbi na bila kuchemka. Ukitaka zaidi, 5L inakupa asilimia 22.

Wapo wanaoruka mpaka 1KZ, ile ya cc 2,982 yenye tabo ya kiwandani. Inawezekana, na ina nguvu kweli, kama farasi 130 pale ambapo 3L ina 90 hivi. Lakini usibebe injini peke yake. Chukua na rejeta yake, gia boksi yake, nyaya na kompyuta yake, halafu breki ziwe za kulingana. Mzee alinionyesha moja iliyofungwa bila hayo. Imelala nyuma ya gereji, kuku wanatagia humo.

ROBO YA GARI

Tulifunga 3L ya mtumba. Bei yake ilikuwa bei ya ng'ombe wanne wazuri, na mimi sikuwa na hata ndama. Dada alilipa yote. Aliuza mzigo wa msimu mzima, na kwa miezi kadhaa Mwaloni alikuwa anachukua dagaa kwa mkopo kama mtu anayeanza.

Siku ya kukabidhiwa gari akaniita kando. Hakufoka. Angefoka ningepata nafuu. Alisema, "Mdogo wangu, tangu leo wewe una robo. Ukitaka nusu yako, utainunua kwangu kidogo kidogo. Na kabla ya injini kuwashwa, breki zitengenezwe na geji ya joto ifanye kazi. Mimi sijui gari. Ila najua mshale ukipanda juu."

Nikakubali. Ningefanyaje? Rejeta ilizibuliwa, breki zikafumuliwa zote, kadi ikaenda TRA. Gari lilikaa bila kazi wiki saba, nikarudi kwenye udeiwaka wangu wa zamani kana kwamba sijawahi kumiliki usukani. Ilinichukua miaka miwili kuirudisha nusu yangu. Gari lenyewe tuliliuza mwaka 2021, likiwa bado na ileile 3L, halijawahi kuchemka tena hata siku moja.

Je, nilikuwa nawapita wenzangu? Wachache, kwenye vilima. Tulirudi kwenda Magu mara tatu kwa siku. Lakini niliona jambo: hesabu ya mwezi ilikuwa nzuri kuliko ile ya siku za Filimbi, kwa sababu mafuta yalipungua na gari halikulala gereji. Mara nne kwa siku kwa siku kumi na mbili, kisha wiki saba bila kitu, hiyo si biashara. Hiyo ni sherehe.

Kwa hiyo wewe kijana mwenye Hiace au Noah yako na hamu ya kuichangamsha, sikukatazi. Nguvu ni tamu, naijua ladha yake. Ila anza na kichujio cha senti chache kabla ya tabo ya ng'ombe. Anza na breki kabla ya moto. Na kama gari ni la watu wawili, mwulize na mwenzako, hata kama anauza dagaa.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa kwenye foleni Buzuruga, napakia. Akaja yule mama wa siku ile, mjukuu sasa anatembea mwenyewe. Akafika mlangoni, akasita, akainama kunitazama vizuri usoni.

"Si wewe yule wa filimbi?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Iko wapi filimbi yenyewe?"

"Nimeiuza chuma chakavu, mama."

Akafikiri kidogo. Kisha akamwinua mjukuu, akamkalisha siti ya mbele.